Gramu Mia Moja na Arobaini

Mama mwenye duka hakunikaribisha kiti siku ile. Aliinama, akatoa miche miwili ya sabuni chini ya meza, akaiweka mizanini mmoja baada ya mwingine bila kusema neno, kisha akaigeuza mizani inielekee ili nisome mwenyewe.

Mche wa kwanza, niliokuwa nimeushusha kwenye bajaji dakika chache kabla, ulikuwa na gramu 1,000. Wa pili ulitoka katika sanduku nililomletea wiki kumi nyuma, nao ulikuwa na gramu 860.

"Gramu mia na arobaini zimekwenda wapi, mwanangu?"

"Ni maji, mama. Sabuni hukauka."

"Kumbe nilinunua maji."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonisumbua kuliko kama angenifokea. Alinieleza hesabu yake kwa utulivu. Yeye hununua kwangu kwa kilo, sanduku la miche kumi kwa kilo kumi, kisha hukata kila mche vipande sita, na wateja wake, ambao wengi ni watoto waliotumwa na mama zao, huchagua kipande kwa macho. Sanduku likichelewa kuisha, vipande vya mwisho huwa vyembamba kuliko vya kwanza ilhali bei haijabadilika, na lawama humwangukia yeye aliyeko sokoni Mwanga, hapa Kigoma. Mimi niko zangu Gungu na mapipa yangu, simsikii mtu.

Nilirudi kiwandani, kama banda la mabati lenye mapipa manne linastahili jina hilo, nikiwa na mche ule mkavu mkononi. Umekaa juu ya meza yangu tangu siku ile, na ndio unaoniandikisha haya.

## Hesabu ya pipa moja

Jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kuipiga upya hesabu ambayo nimeipiga kwa mazoea miaka yote bila kuitazama usoni.

Pipa langu moja hupokea kilo 80 za mawese na kilo 20 za mise, yale mafuta ya kokwa ya chikichi ambayo ndiyo yanayoipa sabuni povu. Kila kilo ya mawese huhitaji takriban gramu 141 za kostiki, ile alkali kali ya kutengenezea sabuni, ili yageuke sabuni yote. Mise, kwa kuwa asidi zake za mafuta, yaani zile chembe zinazoungana na kostiki kuwa sabuni, ni fupi na kwa hiyo hukaa nyingi zaidi katika kilo moja, huhitaji gramu 176 hivi. Jumla ni kilo 14.8. Kostiki hiyo haiingii pipani ikiwa kavu, bali huyeyushwa kwanza katika maji, ikaachwa ipoe usiku kucha, na ikapimwa mpaka haidromita, chombo cha kupimia uzito wa kimiminika kikilinganishwa na maji, isome 1.275, kipimo nilichofundishwa siku ya kwanza na ambacho nimekikariri kama mtoto anavyokariri jina la babu yake.

Sikuwahi kujiuliza kipimo kile kina maana gani. Maana yake ni kwamba robo ya uzito wa kile kimiminika ni kostiki, na robo tatu zilizobaki ni maji. Kwa kilo 14.8 za kostiki, basi, ninamimina pipani kilo 44.4 za maji kila siku ya kazi.

Na katika utengenezaji wa aina yetu, wa kukoroga, kumimina kwenye fremu na kukata kwa waya kesho yake, hakuna kinachotoka. Mafuta, kostiki, maji, na hata kilo kumi hivi za gliserini zinazozaliwa mafuta yanapovunjika, vyote hubaki humo humo ndani. Pipa hutoa kilo 159 za sabuni, na asilimia 28 ya uzito huo ni maji matupu.

Halafu kuna silikati.

Ninaongeza kilo 20 za silikati ya maji, kile kimiminika kizito cha kujazia sabuni, kwa kila pipa, na katika hizo, kilo 12 hivi ni maji pia. Nataka nisiionee silikati, kwa sababu ina kazi ya kweli: huufanya mche uwe mgumu, huchelewesha mafuta kuchacha, na husaidia uchafu ubaki ndani ya maji ya kufulia badala ya kurudi kwenye nguo. Viwanda vikubwa huitumia pia katika sabuni za kufulia. Lakini mimi niliianza mwaka ule mawese yalipopanda bei, na bei iliposhuka sikuiacha. Sentensi hiyo imenichukua wiki tatu kuiandika.

Pamoja na silikati, pipa hutoa kilo 179, na kilo 56 kati yake ni maji. Hiyo ni karibu theluthi moja.

Nilichukua mche mmoja mpya, nikaupima kila Jumatatu kwa mizani ndogo ya mboga. Wiki ya kwanza ulipoteza gramu 41, ya pili 25, ya tatu 17, na baada ya hapo ukawa unapungua kwa kusitasita, kama maji yaliyoko katikati yanaona uvivu kutoka. Kufikia wiki ya kumi jumla ilikuwa gramu 137.

Mizani ya mama haikuwa na kosa.

## Jua

Suluhisho la kwanza lililonijia ni lile ambalo lingemjia yeyote: nikaushe sabuni kabla sijaiuza. Kigoma wakati wa kiangazi hatuna upungufu wa jua, kwa hiyo nilitandaza mabati uani, nikapanga miche hamsini juu yake, nikaenda kunywa chai nikiwa nimeridhika na akili yangu.

Jioni miche ilikuwa imejikunja kama mitumbwi. Siku ya tatu ilipasuka kwa urefu, mipasuko ambayo ungeweza kuingiza ukucha. Nilipoukata mmoja kwa waya nikaona ganda gumu lenye unene wa nusu sentimita, na ndani yake sabuni laini kama halua.

Sababu ni rahisi ukishaiona. Mche hukauka kutoka nje kwenda ndani, na sehemu iliyokauka husinyaa wakati ile ya ndani bado imejaa, kwa hiyo ganda linavutana na kiini mpaka mmoja ashindwe. Baya zaidi ni kwamba ganda lile likishakauka linakuwa mlango uliofungwa, maji ya ndani yakose njia. Kadiri unavyoharakisha, ndivyo unavyofunga mlango mapema zaidi. Kivulini mambo yangekuwa mazuri, lakini kivulini ni wiki kumi, na wiki kumi za sabuni iliyolala ni banda la pili, rafu za mbao, na fedha ya mawese na kostiki iliyokaa kimya huku aliyenikopesha akipiga simu.

Ile miche hamsini niliikwangua, nikairudisha pipani.

## Chumvi ya Uvinza

Mzee mmoja jirani yetu, aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda kikubwa kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani, alinisikiliza nikilalamika, akacheka. "Wewe unapika uji, kijana. Sabuni huchemshwa, kisha hukatwa kwa chumvi."

Nilikuwa nimesoma habari hiyo na kuiruka, kwa kudhani kwamba ni mambo ya wenye boila na matangi ya tani hamsini. Mzee alinitia moyo nijaribu kwa pipa moja. Chumvi tulinunua ya Uvinza, mahali ambapo watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na ambapo ni karibu na kwetu kuliko bandari yoyote ya bahari. Pipa lilikuwa la chuma, maana sufuria yangu ya alumini niliipoteza mwaka wa kwanza: kostiki iliila mpaka ikatoboka, ikitoa povu na gesi ambayo leo najua ni haidrojeni, nami nimesimama hatua mbili kutoka kwenye kuni zinazowaka.

Tulichemsha mafuta na kostiki tangu alfajiri. Saa nane mchana pipa lilikuwa limejaa kitu kizito, chenye kung'aa, kinachodondoka kwenye mwiko kwa utando mmoja usiokatika. Mzee akaanza kurusha chumvi, konzi moja moja, akisubiri ichanganyike kabla ya kurusha nyingine. Kwa muda mrefu hakikutokea kitu. Kisha, katikati ya konzi moja na ifuatayo, ule utando ukavunjika: sabuni ikakatika mabonge mabonge kama maziwa yaliyoganda, ikapanda juu, na chini yake yakabaki maji ya rangi ya chai yenye chumvi, gliserini, kostiki iliyozidi na takataka zote za mawese.

Nilikuwa nikitengeneza sabuni kwa miaka sita, na sikuwa nimewahi kuona jambo lile.

Linatokea kwa sababu sabuni haiyeyuki katika maji yenye chumvi ya kutosha, inafukuzwa. Mise hufukuzika kwa shida kuliko mawese, nasi tulilazimika kuongeza chumvi mara mbili ya tulivyodhani. Ndugu yake mise katika tabia hii ni nazi, na hiyo ndiyo sababu sabuni ya mafuta ya nazi hutoa povu hata katika maji ya bahari, jambo ambalo mabaharia walilithamini sana zamani.

Tuliyavuta yale maji ya chini, tukaongeza maji safi, tukachemsha tena na kukata tena, kisha tukaacha itulie usiku kucha. Sabuni iliyopatikana ilikuwa ya rangi ya siagi, haina harufu ya mawese mabichi, na nilipoigusa kwa ncha ya ulimi, kipimo cha kizamani ambacho simshauri mtu akifuate, haikuuma hata kidogo. Nilikuwa na hakika kwamba chumvi ilikuwa imenitolea maji yangu yote.

Nikakwangua gramu 10, nikazikausha ndani ya oveni mpaka uzito ukaacha kushuka.

Zikabaki gramu 6.9.

Asilimia 31 ya sabuni yangu nzuri ilikuwa maji, zaidi ya ile ya kukoroga niliyokuwa nikiionea haya, ukiacha silikati. Nilimwendea mzee nikiwa nimenyong'onyea, naye akaniambia kwa sauti ya mtu anayekumbusha jambo la kawaida kwamba hata kwao ilikuwa hivyo hivyo. Sabuni safi inayotoka kwenye tangi la kuchemshia, katika kiwanda cha aina yoyote, huwa na asilimia 63 hivi ya asidi za mafuta na theluthi hivi ya maji.

Kwa hiyo kiwanda kikubwa na pipa langu huanza na maji yale yale. Kinachowatofautisha kiko baada ya tangi.

## Mnara

Nilikwenda Dar es Salaam kwa shughuli nyingine, na mtu tunayefahamiana alinipitisha katika kiwanda ambacho sitakitaja kwa kuwa sikuomba ruhusa ya kukiandika. Fundi aliyenitembeza alitaka kunionyesha mashine ya kupiga mhuri, ambayo kweli ni ya kuvutia: kalibu zake hupozwa kwa baridi kali ili sabuni isinate kwenye chuma. Nilimwomba anionyeshe wapi maji yanatoka.

Aliinua mkono akaonyesha juu.

Kulikuwa na mnara wenye urefu wa jengo la ghorofa nne. Chini yake, sabuni laini kutoka kwenye matangi hupita katika mabomba yanayopashwa kwa mvuke mpaka ifike nyuzi 130 hivi, kisha inasukumwa kwenye chumba cha chuma ambacho pampu zimenyonya hewa yake mpaka kikabaki na sehemu moja tu ya ishirini ya mgandamizo wa kawaida. Katika ombwe la namna hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 33, joto lisilofikia hata la mwili wa binadamu. Sabuni ya moto inapopulizwa humo, maji yake hulipuka kuwa mvuke papo hapo, na kwa kuwa mvuke ule huondoka na joto, sabuni yenyewe hupoa ghafla na kuganda kama ngozi nyembamba kwenye ukuta wa chumba. Visu vinavyozunguka polepole huikwangua, ikaanguka kwenye parafujo kubwa, ikatokea upande wa pili katika umbo la tambi.

Ndivyo wanavyoziita pale, tambi. Inaingia sabuni yenye theluthi ya maji, inatoka yenye asilimia 12, na safari nzima ya tone moja ndani ya chumba kile haifiki hata muda wa kupiga chafya.

Mtambo wa aina hii ulienezwa duniani na kampuni ya Kiitalia ya Mazzoni katikati ya karne iliyopita. Kabla yake viwanda vilipitisha utepe mwembamba wa sabuni katika vyumba virefu vya hewa moto. Nilimuuliza fundi kwa nini mnara uwe mrefu hivyo. Akasema urefu ni wa bomba moja tu, lile la kushushia maji ya kupozea mvuke: chombo kinachoupoza mvuke kimeunganishwa na ombwe, na hewa ya nje inaweza kuyasukuma maji ndani ya ombwe mpaka mita kumi kwenda juu, kwa hiyo ukikiweka chini ya urefu huo maji yatarudi ndani na kuizamisha sabuni.

"Mnara wote huu," alisema, "ni kwa ajili ya maji."

Kilichofuata tulikipita haraka: kichanganyio cha manukato na rangi, vinu vya magurudumu vinavyoisaga tambi mpaka iwe laini, ploda ya kuikandamiza, kisu, mhuri, karatasi. Ghalani niliona magunia ya tambi zilizoletwa zikiwa tayari kutoka Malaysia na Indonesia, na nikasimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya mashine. Sehemu kubwa ya michikichi ya huko ni uzao wa miche minne (ya mti, si ya sabuni) iliyopandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, na asili ya mti huo ni Afrika Magharibi. Mimi natoka Kigoma, ambako mchikichi huota nyuma ya choo.

Ndani ya treni ya kurudi nilikuwa nafikiri kuhusu ile ngozi nyembamba ukutani. Kosa langu la mabati na jua lilikuwa kutaka kukausha mche. Wao hawakaushi mche kamwe. Wanakausha kitu chembamba kiasi kwamba hakina katikati, kisha ndipo wanautengeneza mche.

## Sabini na mbili

Kuna sabuni ya Ufaransa, ya Marseille, ambayo kwa jadi hutengenezwa kwa vipande vya mraba na kupigwa mhuri wa namba: 72%. Hicho ndicho kiwango cha asidi za mafuta zilizomo. Amri ya mwaka 1688, enzi za mfalme Louis XIV, ilikuwa imewalazimisha watengenezaji wa huko kutumia mafuta ya zeituni peke yake, lakini viwanda vilipokua katika karne ya 19 zeituni haikutosha, wakaanza kutafuta mbegu na mafuta ng'ambo. Wafanyabiashara wa Kifaransa walifika mpaka Unguja na pwani yetu kununua ufuta na mbata. Sehemu ya sabuni iliyofua mashati ya Ulaya ilianikwa kwanza juani na wakwezi wa Kiswahili.

Namba ile ilinikaa kichwani. Nikapima yangu. Njia haihitaji maabara kubwa: unayeyusha kipimo cha sabuni katika maji ya moto, unaongeza asidi kali kidogo kidogo, na sabuni inavunjika ikirudisha asidi za mafuta, ambazo huelea juu, ukipoza zinaganda, unaziosha, unazikausha, unapima. Nilitumia chupa ya jemu na asidi ya betri, nikiwa nimevaa glavu na miwani, na nikatazama rangi ya machungwa ya mawese ikipanda polepole kutoka kwenye mche ambao nilidhani niliufahamu.

Hamsini na tatu.

Je, ningepiga mhuri wa namba hiyo? Nilichora mfano wake kwenye karatasi, nikautazama siku kadhaa. Mteja wa kipande cha sita hajui asidi ya mafuta ni nini, na hana sababu ya kujua. Yeye anajua povu, ugumu, na siku ngapi kipande kimefika. Halafu, kama mimi nitapiga 53, jirani yangu atapiga 80, na hakuna atakayekuja sokoni na chupa ya jemu. Hata hivyo sikuweza kujificha nyuma ya hoja hiyo kwa muda mrefu, kwa kuwa mama mwenye duka hakuniuliza habari za jirani. Aliniuliza kuhusu gramu 140.

## Ploda

Ploda, kwa ambaye hajaiona, ni mashine ya kusagia nyama iliyokua: parafujo ndani ya bomba la chuma, mdomo wa koni mbele, mota nyuma. Niliipata iliyotumika, ya parafujo moja, isiyo na pampu ya ombwe, na nikaikopea. Fundi wa kuchomelea wa hapa mtaani alinitengenezea kikwanguo cha gurudumu lenye meno, kinachogeuza mche mbichi kuwa nyuzi nyembamba kama nazi iliyokunwa.

Nyuzi zile nilizitandaza kwenye chekecheke za wavu kivulini, penye upepo wa ziwa. Kilichouchukua mche wiki kumi kilizichukua nyuzi usiku mmoja na mchana mmoja. Niliziacha siku ya pili ili kuwa na uhakika, nikaziingiza kwenye ploda kwa shangwe ambayo vijana wangu wawili wanaikumbuka mpaka leo.

Kilichotoka kilikuwa kama mkate wa juzi. Mche ulijitokeza sentimita thelathini, ukaning'inia, ukakatika, na ulipogusa meza ukamwagika makombo.

Nilikuwa nimekausha mno. Sabuni yangu ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 8, na chembe za sabuni zikikosa maji hazishikani hata uzikandamize vipi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mnara wa Dar es Salaam unaishia kwenye 12 wakati una uwezo wa kwenda chini zaidi. Kwa majuma mengi nilikuwa nimeyachukia maji kama mshitakiwa anavyomchukia shahidi, na sasa nilikuwa nimesimama na birika, nikiyarudisha kwenye nyuzi kwa kunyunyiza.

Tulijaribu mara tisa. Niliacha silikati. Nilijifunza kuziondoa nyuzi kwenye chekecheke zikiwa bado zinajikunja bila kukatika mtu anapozifinya, unyevu ambao oveni yangu husema ni asilimia 15 hivi, na kuupasha moto mdomo wa ploda kwa maji ya moto ili mche utoke na uso unaong'aa. Bado una viputo vya hewa ndani, kwa sababu sina ombwe, na ukiukata utaviona. Lakini umenyooka, ni mgumu, na katika chupa ya jemu unasoma karibu 70.

Nikaukata kwa gramu 860, makusudi.

Mche huo una gramu 600 hivi za asidi za mafuta. Ule wa zamani wa kilo nzima ulikuwa na 530. Ukiuweka kando ya mwenzake unaonekana kama mdogo wake aliyeugua.

## Meza ya mama

Nilimpelekea kumi, kwa bei ile ile ya kilo. Aliuinua mmoja, akaubonyeza kwa kidole gumba kama wafanyavyo wateja wake, akasema: "Huu umekonda." Nilimweleza mambo ya nyuzi na upepo na asilimia, naye akasikiliza kwa adabu, kisha akachukua msumari, akakwaruza 860 ubavuni mwa mche mmoja, na 1,000 ubavuni mwa ule wa kawaida, akaiweka yote miwili juu ya rafu.

"Njoo baada ya mwezi."

Nilikwenda baada ya mwezi. Ule wa 1,000 ulikuwa na 904. Ule wa 860 ulikuwa na 849. Aliitazama mizani kwa muda, akaipima tena yote miwili kwa kubadilisha nafasi, kana kwamba mizani inaweza kuwa na upendeleo.

"Ni kweli huu haupungui," alisema.

"Na ile mingine uliiuza?"

"Mitatu. Watoto wanachukua vinene, mwanangu. Mtoto akirudi na kipande chembamba anaambiwa amekula chenji."

Sikuwa na la kusema. Niliomba maji ya kunywa, akaniambia nipite uani, mtungi uko mlangoni. Kwenye jiwe la kufulia, kando ya beseni lenye shuka zilizolowekwa, kulikuwa na kipande cha sabuni kilichotumika mpaka nusu, kigumu, chenye matundu madogo ya hewa upande uliokatwa. Nilikitambua kabla sijakiokota.

Niliporudi dukani alikuwa ameshafungua daftari lake la oda na kalamu iko mkononi.

"Ile minene, masanduku mawili," alisema huku akiandika. "Na hii myembamba, niletee miwili. Ya nyumbani."